Mbeba Makabati na Paka Wasioona

Kuna wanaojisifia watoto, kuna wanaojisifia nyumba. Winchi alijisifia mgongo wake, mpaka siku mgongo wenyewe ulipokataa kusifiwa.

Jina la Winchi, ile mashine ya kunyanyua mizigo, alipewa na wenzake wa kazi ya kuhamisha watu nyumba. Anasema kulikuwa na friji ambalo wanaume wazima walilizunguka wakilitazama kama maiti ya mtu wasiyemjua. Yeye akalichutamia, akalikumbatia, akapanda nalo ngazi huku akiwauliza wa juu kama chai iko tayari. Hayo ni maneno yake. Mkewe anasema chai kweli iliulizwa, ila friji lilibebwa na watu watatu. Shule je? Aliiacha mapema. Mwenyewe anasema shule ndiyo ilimuacha, yeye alikuwa amesimama palepale.

Kwenye nyumba ya paka waliookotwa alifika siku moja na kabati. Mtu alikuwa amelitoa msaada, Winchi akatumwa kulipeleka. Akaliweka ukutani, akajifuta jasho, na kabla hajapiga hatua, akaja paka asiye na macho kabisa, ngozi imefungwa kwa uzi pale macho yalipokuwa. Akanusa kiatu, akapanda juu ya mguu, akajikunja, akachapa usingizi. Nje dereva anapiga honi. Winchi kasimama.

"Unaweza kumtoa tu," Mwalimu akamwambia. Mwalimu ndiye mwenye paka wale, mama mstaafu anayeongea bado kama kuna mtu anapiga kelele nyuma ya darasa.

"Nitamtoaje na amelala?"

Dereva akachoka kupiga honi, akaondoka. Winchi akabaki na mguu uliokufa ganzi, na jua la mchana likipita kwenye pazia, na manyoya madogomadogo yakielea hewani kama hayana haraka ya kutua. Anasema hajui alisimama muda gani. Anajua tu kwamba hakuna kitu kilichomuuma, hata mgongo. Kwa hiyo mgongo ulipomkatalia kabisa makabati, alijua pa kwenda kuomba kazi.

Kazi yenyewe usiidharau. Asubuhi anaanza na paka yule aliyegongwa na gari, aliyekufa kuanzia kiunoni. Huyo hawezi kukojoa mwenyewe, lazima akamuliwe. Unaweka vidole tumboni, taratibu, unakitafuta kibofu kama yai lililofichwa ndani ya soksi. Siku ya kwanza Winchi alikamua kwa nguvu za friji, mkojo ukamfika kidevuni. Akasema amebatizwa. Akitoka hapo anakwenda kwa Mlevi, ambaye maisha yake yote hajaonja zaidi ya maji. Amezaliwa na kichwa kisichoelewana na miguu, akiondoka kwenda mbele anafika pembeni, akianguka anajifanya ndivyo alivyopanga. Wanafuata vipofu, na mkubwa wa vipofu alikuwa Bibi.

Bibi alikuwa mzee wa rangi ya majivu, macho yamezibwa na utando mweupe, figo zimechoka. Kila siku alitundikiwa dripu. Sindano inaingia chini ya ngozi ya shingo, maji yanashuka, mpaka anaota kinundu kama mtu aliyeficha limau chini ya koti. Dripu inaposhuka, Winchi anamsimulia. Anamsimulia nyumba zote alizohamisha, kochi lililokataa kupita mlangoni, kitanda cha maharusi kilichovunjikia njiani na maharusi wakitazama. Bibi hakuwahi kumbishia, na nyumbani kwake Winchi hakuna mtu wa namna hiyo.

Bibi alikuwa na kiburi kimoja. Chakula cha kuletewa hakigusi. Anakula alichokifuata mwenyewe kwa miguu yake. Kila asubuhi anatoka kwenye boksi lake, anafuata ukuta, sharubu zinausoma kama vidole, anakata kona bila kugusa chochote, anafika kwenye bakuli. Mgeni angeapa kwamba anaona. Ndiyo maana sheria ya chumba kile ilikuwa moja: hakuna kitu kuhamishwa. Hata kandambili. Fikiria sasa, mtu aliyekula ujana wake kwa kuhamisha vitu vya watu, analipwa ili vitu visihame.

Halafu mwenye nyumba akataka nyumba yake.

Mwalimu alikosa usingizi. "Winchi, hawa vipofu watapotea. Na huyu Bibi akisusa kula, figo zile hazitamvumilia."

Winchi akajipiga kifua. "Mwalimu, unaongea na nani? Mimi nimehamisha watu wenye macho wakaamka asubuhi wakadhani wako kwao. Hicho chumba nitakinyanyua kama kilivyo. Paka hawatajua hata kama wamehama."

"Usiniahidi usichoweza."

"Kichwani mwangu mna ramani, Mwalimu. Niamini."

Akapima kwa kamba, akapiga mafundo, akafunga macho akikariri: bakuli kulia, trei za mchanga kushoto, kabati baada ya mlango. Siku ya kuhama hakubeba kitu. Alitembea mbele ya vijana wa mizigo mikono mitupu, akinyoosha kidole kama mkurugenzi. Weka hapa. Sogeza. Fundo moja zaidi. Basi! Jioni chumba kikawa chumba. Winchi akazunguka akikitazama, kichwa kimemvimba, akawafungulia paka vikapu.

Siku ya kwanza waliyumba wote. Kesho yake wengine wakaanza kupata njia, wakijikwaa na kukasirika na kusahau. Mlevi hakuona tofauti yoyote, alianguka kama kawaida. Lakini Bibi alitoka mara moja tu. Alifuata ukuta, akakata kona kwa madaha yake, akainamisha kichwa ale, pua ikazama kwenye mchanga wa choo.

Alisimama hivyo, pua chini, kwa muda mrefu. Kisha akageuka akarudi boksini, akaupa ulimwengu mgongo.

Akaletewa samaki. Akamfukia kwa kukwangua sakafu, kama wanavyofukia uchafu. Akaletewa kuku. Vilevile. Daktari wa wanyama akaja, binti mpole wa mikono midogo, akamvuta ngozi, ngozi ikachelewa kurudi.

"Mzee, nitampitia kesho asubuhi. Asipokula leo, itabidi nimwekee mpira wa kumlisha puani. Na kwa umri wake, kumlaza kwa dawa..." 

"Atakula, daktari," Winchi akasema. Kwa mara ya kwanza maneno yake yalitoka membamba.

Adhuhuri ile mkewe akamletea chakula, kama alivyozoea kule kwenye nyumba ya zamani. Akasukuma mlango kwa nyonga, akaingia, akasimama.

"Baba Watoto."

"Nipo."

"Mbona umekigeuza chumba?"

"Kipi nimegeuza? Nimepima kwa kamba."

"Kule nikiingia kabati lilinikwaruza bega hili." Akagusa la kulia. "Leo limenikwaruza hili. Na mabakuli yalikuwa kushoto. Mimi nilikuwa nakaa hapa, nayatazama."

Winchi akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaenda mlangoni, akatoka, akageuka, akaingia kinyumenyume, mikono mbele kana kwamba ameshika kabati.  Maisha yake yote aliingia nyumba za watu hivyo, kisogo mbele, kwa sababu upande mzito ulikuwa wake. Kulia kwake kulikuwa kulia kwa mtu anayeingia nyumanyuma. Na siku ile moja tu ya kuhamisha paka, akiwa hana mzigo, aliingia kifua mbele kama bosi.

Mkewe alikuwa ameshaelewa, ameshika mlango asianguke kwa kicheko. "Miaka yote hiyo! Kumbe nyumba za watu unazijua kwa makalio!"

"Nyamaza, mama. Sasa hivi nageuza kila kitu."

"Hugeuzi hata kijiko!" Mwalimu alikuwa nyuma yao. "Hawa wengine wameshajua njia. Utawapoteza wote kwa ajili ya mmoja?"

"Basi niweke bakuli lake upande ule wa zamani."

"Pembeni ya choo? Wewe ungekula hapo?"

Winchi akamtazama Bibi. Mgongo wake mwembamba ulipanda na kushuka polepole, kama pazia dirisha likiwa wazi kidogo tu. 

"Nipe kitambaa chako," akamwambia mkewe.

"Cha kichwa? Unataka kulia?"

"Nataka nisione."

Akajifunga macho, fundo gumu, akapiga magoti. Mwalimu akafungua mdomo, mke wa Winchi akamwekea mkono begani, Mwalimu akaenda zake jikoni. Mama Watoto akakaa kwenye kizingiti cha dirisha, chakula kimepakatwa.

Kwa magoti na bila macho, chumba kilikua. Ukuta uliokuwa hapo ukasogea mbali, ukamngoja, ukamgonga paji la uso. Mguu wa meza ukawa mti. Sakafu ilikuwa na sehemu baridi na sehemu ya jua, na kati yake mpaka mkali kama ufuo, hakuwahi kujua kama upo. Mahali fulani mtu alikuwa anapumua, akajua ni Mlevi. Mahali fulani maji yalitulia kwenye bakuli, na yeye akayasikia maji yaliyotulia, jambo ambalo hata yeye, pamoja na kutia chumvi kwake kote, hajawahi kulisimulia, maana nani atamwamini?

"Bibi," akasema, "nimekosea njia. Wewe na mimi sote tumepotea, ila mimi nina kichwa kikubwa zaidi cha kugongea." Akatambaa. "Hapa kuna kona. Siipendi. Hapa pananuka samaki, tunakaribia." Akazunguka, harufu ikampotea. Akapapasa, hakuna kitu. Akajaribu kurudi, hakuna alikotoka.

Akacheka peke yake, akajilaza chali kwa sababu magoti yalikuwa yanawaka, akaendelea kusimulia akiwa amelala. Akamsimulia kochi. Akamsimulia kitanda cha maharusi. Sauti ikawa inapungua, inazama, jua likampanda kifuani kama paka, na katikati ya ngazi za friji Winchi akalala.

Akaota nyumba zote alizowahi kuzihamisha zimekusanyika mtaa mmoja, milango wazi. Makabati yalikuwa yanatoka yenyewe, yanaelea taratibu juu ya vichwa, na watu wamekaa vibarazani wakiyapungia mkono. Hakuna aliyekuwa anabeba kitu. Akauliza mtaa ule unaitwa nini, wakamwambia ngoja, usitikisike.

"Usitikisike," mkewe alikuwa ananong'ona kweli. "Baba Watoto, nakuomba. Ametoka."

Winchi hakutikisika. Kwanza hakusikia kitu. Kisha kwenye bega, sharubu. Zikamgusa shati, zikaacha, zikagusa tena. Pua baridi ikamsoma sikio. Bibi alikuwa ametoka kutafuta ile sauti ilikokwenda, na sasa ameikuta imelala chini, ndefu, yenye joto, inanuka jasho analolijua.

Akaanza kuifuata. Ubavu. Mkono. Nyonga. Alimfuata Winchi kama alivyokuwa akifuata ukuta wa zamani, sharubu zikipita nguoni, kila hatua na nafasi yake, uzito wake wote hauzidi shati lililolowa. Goti. Hapo akasimama.

Ndipo mguu wa Winchi ulipoamua kukaza msuli. Ulikaza kuanzia kifundo hadi paja, maumivu ya kumfanya mtu mzima aite mama yake. Mlevi naye akapita, akayumba, akamwangukia tumboni kwa kishindo, akabaki hapohapo kana kwamba ameandikiwa. Winchi akauma midomo. Machozi yakalowanisha kitambaa cha mkewe. Amebeba vitu vingi maishani, kuna mashahidi, lakini anasema hajawahi kubeba kama alivyobeba pale, amelala chali, na kipenzi chake kimesimama gotini kinafikiri.

Bibi akaendelea. Muundi. Soksi. Na mbele ya soksi, kwa bahati ambayo Winchi mpaka leo anasema alikuwa ameipiga hesabu, palikuwa na bakuli.

Kisha sauti ndogo, ya ulimi na kitu laini. Ikakoma. Ikaanza tena.

"Anakula?" Winchi akauliza bila kufungua mdomo.

"Shh."

"Niambie tu, mama."

"Anakula," mkewe akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Anakula, mume wangu. Amefunga macho kama wewe."

Mlangoni Mwalimu alikuwa amesimama na mwiko mkononi, hajui ameutoa wapi wala kwa nini. Akanong'ona, kwa mara ya kwanza tangu aache kufundisha. "Na kesho? Kesho ataijuaje njia?"

"Kesho nitalala tena," Winchi akasema. "Na keshokutwa. Mpaka aizoee."

"Mungu wangu," mkewe akasema. "Sasa huyu atawaambia watu analipwa kwa kulala."

"Si nalipwa?" Akanyoosha mkono kufungua kitambaa.

"Acha. Lala hivyohivyo."

"Kwa nini? Amemaliza?"

"Amemaliza. Anajifuta mdomo." Akainama atazame vizuri. "Anarudi."

Winchi akashusha mkono taratibu. Msuli ulikuwa umeachia. Jua lilikuwa limehamia shingoni, na huko chini, mbali, penye soksi yake, zilianza kuja hatua nyepesi, moja baada ya nyingine, zikimpanda.