Dakika ya Pili, Sekunde ya Nne

Fundi Feni alipewa jina hilo kwa sababu kompyuta yoyote utakayompelekea, hata iliyokanyagwa na gari, kwanza atasema tatizo ni feni. Na mara saba kati ya kumi kweli huwa ni feni, ndiyo maana kichwa chake kilivimba hadi kofia ikakataa kuingia. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya kinyozi: meza moja, taa ya kupinda shingo, mikebe ya skrubu, na yeye mwenyewe katikati ndani ya koti la buluu lenye bisibisi tatu mfukoni, akiwaambia wateja kwamba mashine ya kumshinda yeye bado haijatengenezwa. Tuwe wakweli, mikono alikuwa nayo. Hata waliomwonea wivu walikubali, ingawa kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo shemeji yake, mjane wa mdogo wake, hakuelewa kwa nini laptopu yake ilikaa wiki tatu juu ya meza ile bila kufunguliwa hata skrubu moja.

Shida yenyewe ukiieleza haijazi kiganja. Ndani ya laptopu mlikuwa na video moja ya dakika tatu. Miaka minne nyuma, mume alipokuwa kitandani na kifua kikimmalizia pumzi, jirani mpiga picha za harusi aliwaazima kamera yake nzuri, ile inayotoa picha safi hadi unaweza kuhesabu nyuzi za shuka. Mgonjwa akaomba iwekwe juu ya stuli, chini ya dirisha, imtazame yeye, kisha watu wote watoke. Akazungumza peke yake. Baada ya siku mbili akafariki. Video ikahamishiwa kwenye laptopu ya nyumbani na kadi ya kamera ikafutwa, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameacha sharti: sura yake ya ugonjwa isitembee kwenye simu za watu. Ikae humo humo, mahali pamoja.

Sasa laptopu hiyo ilikuwa na umri wa kuamkiwa. Barua inaandika, nyimbo inapiga, lakini video safi namna ile ilikuwa mzigo unaoipinda mgongo. Ilianza vizuri. Mgonjwa alimshukuru mkewe, akaeleza ufunguo wa stoo ulipo, akatania kwamba sasa atalala bila kuamshwa. Ikifika dakika ya pili na sekunde nne, upepo unapeperusha pazia, mwanga unachezacheza ukutani na kwenye shuka, kila kitu kwenye picha kinatikisika kwa wakati mmoja, na mashine inazidiwa. Uso unaganda mdomo ukiwa wazi. Sauti inasema "Kaka", kisha inakatika vipande vipande kama changarawe kwenye sufuria. Picha ikija kuzinduka, ameshamaliza, anasema tu, "Basi, njooni mzime."

Na kaka alikuwa naye mmoja. Ndiye Fundi Feni.

Miaka minne mjane alikuwa akimwomba shemeji yake airekebishe, na miaka minne shemeji alikuwa akimpiga danadana: mara kipuri hakipatikani, mara umeme hautulii, mara kazi za watu zimejaa. Yule mama alikuwa akikaa kila mchana mbele ya mdomo ule uliobaki wazi, akisubiri neno lishuke. Alimwambia fundi kwamba siku nyingine humwuliza mumewe kwa sauti, kaka afanye nini, na hapo nyumba nzima hunyamaza, hata jokofu. Fundi akacheka kicheko cha kufunika jambo.

Maana yeye alikuwa na lake. Mdogo wake alipougua, yeye hakwenda kumwona. Aliwaambia ndugu wote kwamba alikuwa mbali, kuna shule ilimwita kutengeneza kompyuta zake, na huko simu hazishiki. Hakukuwa na shule. Alikuwa chumbani mwake nyuma ya kinyozi, mlango kaurudishia. Bingwa wa kila kilichoharibika alikuwa ameambiwa kuna kitu hakifunguki kwa bisibisi, akaogopa kukiangalia.

Shemeji alipochoka kuzungushwa, alisimama mlangoni mwa karakana na kusema bila hasira kwamba kesho anaichukua mashine yake, anaipeleka kwa kijana wa ng'ambo ya barabara. Hapo fundi alishikwa pabaya. Ndani ya mashine ile kulikuwa na jina lake, na likifunguliwa na mtu mwingine, litafunguliwa mbele ya mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi akaanza kazi. Akatoa feni, na nakuapia, tatizo la kwanza lilikuwa feni: imevaa blanketi la vumbi. Akapangusa, akapaka dawa mpya ya kupoza chipu, akaongeza kumbukumbu ya mashine. Kisha akaingia ndani kwenyewe. Programu ya kuchezea video ilikuwa inautwisha mzigo wote ubongo wa mashine, huku chipu ya picha imekaa tu kama mgeni wa heshima. Akaweka programu nyepesi, akaiamrisha chipu nayo ibebe. Akazima vijiprogramu vyote vinavyonyonya nguvu chinichini. Kazi ya saa mbili, si ya miaka minne.

Akaijaribu sauti ikiwa imezimwa. Alijiambia kwamba mafundi hujaribu hivyo.

Picha ilitiririka kama maji ya bomba. Dakika ya pili ikafika, pazia likaruka, na kwa mara ya kwanza uso haukuganda. Macho ya mdogo wake yaliinuka juu ya kamera, kana kwamba yanamtazama mtu aliye nyuma ya fundi. Fundi akageuka kwenye kiti. Nyuma yake kulikuwa na ukuta na kalenda ya zamani. Aliporudisha macho kwenye skrini aliona kabati la vioo nyuma ya kitanda, na ndani ya kioo chake dirisha, na ndani ya dirisha mtu amesimama. Koti la buluu. Bisibisi tatu mfukoni.

Ni kweli, siku moja alikwenda. Alifika hadi dirishani, pazia likapeperuka, akamwona mdogo wake amekwisha, mifupa na macho, akageuka akala kona kabla hajaonwa. Hivyo ndivyo alivyodhani yeye.

Maneno, hata yawe gani, mtu anaweza kuyabishia, akasema ni homa ilikuwa ikisema. Picha huibishii. Basi akafanya jambo ambalo fundi mwenye jina hafanyi: akatengeneza nakala nyingine ya video, nyepesi, ya picha hafifu, hadi mtu wa kwenye kioo akawa doa tu la buluu. Ile safi akaificha ndani kabisa, kwenye folda ambayo hakuipa jina.

Shemeji alikuja mchana, akavuta kiti, akaangalia sekunde kumi hivi. Kisha akasimamisha.

"Kovu la kwenye nyusi liko wapi?"

Fundi akaanza somo refu la mashine za zamani na uwezo wake. Mama akamwacha amalize.

"Shemeji, huyu ni mtu aliyeoshwa uso. Nirudishie wangu."

Alisema kwa upole sana, na upole huo ndio uliommaliza. Fundi alifungua folda isiyo na jina, akafungua na sauti, akajisogeza pembeni ili asiwe mbele ya yale macho. Haikusaidia.

Shukrani zikapita, ufunguo wa stoo ukapita, utani ukapita na mjane akatabasamu mahali alipozoea kutabasamu. Pazia likaruka.

"Kaka," alisema mgonjwa, safi, kama yumo chumbani. "Nakuona. Mlango haujafungwa. Kama hutaki kuingia, simama tu hapo kidogo, usiondoke upesi. Nyumba imetulia ukiwa hapo."

Kwenye kioo cha kabati, koti la buluu likageuka, likatoka. Mgonjwa akaendelea kuangalia dirisha tupu, muda mrefu. Halafu akasema, si kwa kulaumu, kama mtu anayetoa taarifa: "Ameenda. Basi, njooni mzime."

Ule upande wa kinyozi mashine ya kunyolea ilizimwa.

Mjane hakumtazama shemeji yake. Alikuwa ameweka kidole kwenye kioo cha skrini, palepale penye koti.

"Uliniambia ulikuwa safarini."

"Nilikuambia."

Alitarajia atukanwe, na alitamani atukanwe. Mama yule aliirudisha video nyuma kwa kidole taratibu, hadi dakika ya pili kasoro sekunde chache, akaigeuza laptopu imwelekee fundi.

"Ameita," akasema. "Mwitikie."

Fundi akalowanisha midomo. Mtu wa maneno kama mvua, siku hiyo alitafuta moja tu. Pazia likaruka, mdogo wake akainua macho, akasema "Kaka", na fundi akafungua mdomo, lakini picha haikuganda tena kumsubiri. Ilipita laini kama alivyoitengeneza mwenyewe: nakuona, mlango haujafungwa, simama kidogo. Alipofaulu kutoa "Naam, mdogo wangu," koti lilikuwa limeshageuka, na yule wa kitandani anaangalia dirisha tupu.

"Umechelewa," akasema shemeji, akairudisha nyuma.

Alichelewa na mara ya pili. Mara ya tatu sauti yake na ya marehemu zikagongana. Kinyozi alichungulia kuuliza kama kuna tatizo, akakuta mwanamke kashika mashine kwa mikono miwili, na bingwa, machozi yakimtiririka hadi kwenye kola, ameinamia skrini akingoja sekunde ya nne ifike aitike kwa wakati.