Sahani Zisizo na Moshi

Ninafundisha historia katika shule ya kutwa hapa Eldoret. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya mauaji ya kimbari, darasa hutulia kuliko siku nyingine zote. Wanafunzi hupenda maovu yaliyotokea mbali. Nawaeleza tofauti ambayo watunga mitihani huipenda: mauaji ya kimbari ni pale watu wanapokusudia kuliangamiza taifa, kabila, mbari au kundi la dini, lote au sehemu yake, ilhali uhalifu dhidi ya ubinadamu ni shambulio kubwa au la kupangwa dhidi ya raia, wawe wa kundi lolote. Wanaandika. Halafu kila mwaka hakosekani mmoja wa kuuliza, "Madam, na ile ya hapa kwetu inaitwaje?"

Watu wa mji huu wana majina mengi ya kuikwepa ile vita ya baada ya uchaguzi. Fujo. Clashes. Ile shida. Wanaitaja kama mtu anavyoitaja mvua ya mawe, kana kwamba ilijiangukia tu na haikuwa na mwenyewe. Jambo hilo huniudhi, na wanafunzi wameshaniona uso ukibadilika. Nawajibu kwamba kuna kesi zilizofunguliwa ng'ambo, mashtaka yakiwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kwamba zilizimika kabla ya hukumu. Kisha nawapa kazi ya nyumbani. Sijawahi kuwaambia kwamba baba yangu alipotelea katika ile shida.

Tulikuwa tukikaa upande wa Kapseret, nje kidogo ya mji. Baba alitoka kwetu Magharibi akiwa kijana, akafanya kibarua kiwandani mpaka akaweza kununua kipande cha shamba. Jirani zetu walikuwa wenyeji, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wetu wa kwanza alizaliwa katika zizi lao. Mama na mama wa kwao walikuwa katika chama kimoja cha akina mama. Mwenzake akiwa na sherehe, Mama humkopesha vyombo. Mama akiwa na wageni, mwenzake huleta vyake. Vyombo vikishachanganyika hivyo, kila mwanamke huwa na alama yake. Mmoja hupaka rangi ya kucha, mwingine hufunga uzi kwenye mkono wa sufuria. Mama, ambaye hamwamini mtu kwa mambo ya vyombo, aligonga vidoti vitatu kwa msumari chini ya kila sahani. Zilikuwa sahani nyeupe za chuma, zile za kung'aa, zenye ukingo wa buluu.

Mwaka ule wa uchaguzi Baba alikubali kuwa wakala wa chama ambacho hakikupendwa upande wetu. Alisema ni kazi ya siku moja tu. Matokeo yalipotangazwa, moshi ulianza kuonekana upande wa mjini. Kesho yake Baba akatuambia mimi na Mama tutangulie kanisani mjini, yeye atatufuata akimaliza kukamua.

"Ng'ombe hawezi kulala na maziwa," alisema.

Hatukumwona tena. Tuliishi kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho, na tuliporudi Kapseret tukisindikizwa na polisi, nyumba ilikuwa majivu na mabati yaliyojikunja. Mama aliyapekua majivu yale kwa kijiti, chumba kwa chumba, kama mtu anayetafuta pete. Hakupata hata mfupa. Afisa mmoja, mchovu lakini si mkali, akamwambia, "Mama, pengine alikimbia. Wengi walikimbia."

Afadhali angenyamaza. Lile "pengine" lilimtesa Mama kuliko majivu. Tulihamia mtaa wa Pioneer, nikapata kazi, na miaka ile yote Mama hakumpita mzee mwenye koti kuukuu bila kumtazama usoni. Wazee wa ukoo wetu walichoka kungoja. Walifanya kama desturi inavyotaka kwa mtu asiyepatikana: wakakata shina la mgomba, wakalivika koti, wakalilaza kwenye jeneza na kulizika nyumbani kwetu Magharibi. Shangazi zangu walilia mpaka sauti zikawakauka. Mama alisimama kando akiwa amekunja mikono.

"Mimi silii mgomba," alisema. Wengine walidhani ameanza kurukwa na akili. Mimi nilimwelewa, na nilimpenda sana siku ile.

Sasa nieleze habari ya mwaka jana. Tulipata habari kwamba yule mzee jirani yetu wa zamani amefariki. Sikutaka kwenda. Mama akasema msiba hauna mwaliko wala kinyongo, na kama sitaki kumpeleka atapanda pikipiki. Tukaenda. Palikuwa na hema, viti vya plastiki, na watu wengi. Mjane alimkumbatia Mama muda mrefu, akamwita Mama Mwalimu, kama alivyomwita tangu nilipoanza chuo. Wakati wa chakula, kijana wao mkubwa, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, alipita na birika na beseni akitunawisha. Alimmwagia Mama maji bila kumtazama. Nikadhani ni majonzi.

Tukaletewa wali, maharagwe na nyama. Mama alikula mpaka punje ya mwisho, maana hamwagi chakula cha mtu. Kisha akaigeuza sahani. Akapitisha kidole chini yake, akainyoosha mbali na macho, akaisogeza karibu. Akaiomba ya kwangu. Akaomba ya mgeni aliyekaa kulia kwake, ambaye alidhani bibi huyu anasaidia kukusanya vyombo.

"Ni zangu," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nilikasirika kwa namna rahisi, ya mtu aliyeibiwa. Nilimwambia tuondoke, kikulacho ki nguoni mwako, na ashukuru angalau amekula kwenye sahani zake. Mama akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wanaojibu kabla ya kusoma swali.

"Angalia vizuri," alisema. "Hazina moshi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sahani za aina ile zikipita motoni hupasukapasuka na kuwa nyeusi, na weusi ule hautoki hata kwa majivu na mchanga. Hizi ziling'aa. Kwa hiyo zilitolewa nyumbani kwetu kabla ya moto, baada ya sisi kuondoka. Na katika saa hizo nyumba haikuwa tupu. Baba alikuwepo.

Mama alingoja wageni wapungue. Akaenda kuketi kando ya mjane, karibu kabisa, mimi nikasimama nyuma yao. Hakuuliza habari ya sahani.

"Siku ile ulipoingia kwangu," alisema, "mzee wangu alikuwa wapi?"

Mjane alianza kusema haelewi, kisha akaacha. Alikuwa amemzika mumewe saa chache tu zilizopita, na nadhani hakubakiwa na nguvu za kushikilia vitu viwili. Akasema alisikia vijana wanapanga kuchoma, akakimbia kwetu kumwambia Baba aondoke. Hakumkuta ndani. Akachukua alichoweza kubeba, maana alijua Mama anavyozipenda zile sahani. Baba alikuwa kwenye zizi, na mjane alipomwona huko, mambo yalikuwa yamekwisha.

"Mzee wangu ndiye alimzika, Mama Mwalimu. Aliomba kwanza. Ako hapo nyuma, kwa lile shimo tulikuwa tunaweka silage ya kulisha ng'ombe. Hatujawahi kuchimba hapo tena."

"Na miaka yote hii hukuniambia."

"Ningekuambia mahali amelala, ungeniuliza nani alimlaza."

"Sasa nauliza," Mama alisema.

Mjane aliinua macho, akamtazama mwanawe aliyekuwa akipanga viti chini ya hema. Alimtazama tu, na kijana akaacha kupanga viti.

Darasani huwa nachora safu tatu ubaoni: waliotenda, waliotazama, waliookoa. Wanafunzi huzijaza haraka na huwa wanapata alama nzuri. Siku ile nilishindwa kumweka mwanamke yule popote. Alikimbia kumwokoa baba yangu, akafika amechelewa, akaokoa sahani, kisha akamficha muuaji kwa sababu alikuwa amemzaa. Nilitaka kumchukia na sikuweza kumaliza.

Kwenye gari nilimwambia Mama twende polisi. Nilipiga kelele, kusema kweli. Kufukua mwili kunahitaji kibali cha mahakama, na mahakama ingeuliza swali lile lile na kulipatia jibu. Mama alingoja nimalize.

"Mahakama tutaenda," alisema. "Lazima alale kwao, na ule mgomba uondolewe. Lakini kwanza nataka kusikia kwa mdomo wa mtu. Nimeambiwa pengine miaka mingi sana. Nimemwachia yule kijana ujumbe aje."

Nilimwambia hatakuja. Nani atakuja mwenyewe kwa jambo kama hilo?

Alikuja Jumamosi mchana, kwa pikipiki, bila kupiga simu. Mama alimpa kiti na chai, kwa sababu hajui kumkaribisha mtu kwa namna nyingine. Mimi nilikataa kuketi.

Hakulia wala hakujitetea sana. Alisema yeye na vijana wenzake walikutana mara kadhaa kabla ya matokeo, wakagawiwa nyumba za kuchoma. Yetu alipewa yeye kwa sababu aliijua njia ya ndani na mbwa wetu alimzoea. Walijipaka masizi usoni. Waliambiwa ni kuchoma tu, watu watakuwa wameshaondoka.

"Mzee akatoka kwa zizi na ndoo," alisema. "Mama, tungekuwa tumemwacha. Hata wenzangu walikuwa wameanza kurudi nyuma. Lakini hakutoroka. Alisimama akatuangalia, halafu akaanza kutuita kwa majina. Mmoja mmoja. Akauliza kama tumekula. Ndio mmoja wetu akasema, huyu ametujua."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira. Nilidhani Mama atamfukuza, au ataanguka. Nilisogea karibu na kiti chake.

"Aliwaita wote?" aliuliza.

"Wote, Mama."

"Basi yataje hayo majina. Vile alivyoyaita."

Aliweka kikombe chini. Akanitazama mimi, akautazama mlango, akarudisha macho kwa Mama. Kisha akaanza kuyataja, polepole, na la kwanza lilikuwa lake.