Kinanda Chini ya Draya

Mchungaji alipouliza kama kuna mtu mwenye pingamizi na ndoa hii, kinanda kilijibu. Kilianza kupiga ngoma za rumba, kwa sauti ya kuwaamsha watoto waliolala migongoni mwa mama zao, na hapakuwa na mtu karibu nacho. Mpigaji wake alikuwa madhabahuni, mikono yake yote miwili imeshikwa na bibi harusi.

Mimi ndiye niliyekuwa nimekisafisha.

Ilikuwa Desemba, mwaka uliofuata lile Kombe la Dunia lililochezwa huku kusini mwa Afrika, nami nilikuwa natengeneza redio na televisheni kuukuu katika kona ya saluni moja ya mtaa wa Troyeville. Mwenye saluni, dada wa Bukavu, alikuwa anaolewa Jumamosi na mlinzi wa maduka ambaye kila Jumapili alipiga kinanda cha umeme kanisani kwao Rosettenville. Walikuwa na mpango uliotuchekesha sote: bwana harusi ampigie bibi harusi wimbo aliomtungia, akiwa anaingia, halafu akimbie mbele kumpokea.

Jumatano, kwenye mazoezi ya kwaya, bwana harusi akaweka soda ya machungwa juu ya kinanda. Ikamwagika. Alhamisi asubuhi alinijia nacho kwapani, kinadondosha sisimizi.

“Kinanda ni meza ya baa?” bibi harusi alimuuliza, chanuo mkononi.

“Chérie, bahati mbaya tu.”

“Chérie umuambie fundi. Miye siingie kanisani na muziki ya simu. Kama hakilie, harusi inangoja mpaka kilie.”

Hakuwa anatania. Gauni lenyewe alikuwa amelirudisha kwa mshonaji mara tatu kwa sababu ya kifungo kimoja.

Nilikifungua. Bodi ndefu iliyo chini ya vibonye ilikuwa imeganda sukari ya rangi ya chungwa, na sisimizi wamenasa humo kama karanga kwenye kashata. Nilisugua kwa mswaki wa zamani na spiriti, ile ya zambarau inayouzwa huku, kipande kwa kipande, mpaka mistari ya shaba ikaonekana. Halafu nikaisuuza kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi, kwa kuwa ya bomba huacha chumvi. Ikawa safi kama sahani ya mgeni.

Sasa ikauke wapi? Nje mvua ya mchana ilikuwa imeanza, na radi zake. Bibi harusi aliitazama bodi, akatazama draya zake mbili. Chini ya moja aliketi mteja wa Bujumbura mwenye rola kichwani. Nyingine ilikuwa tupu.

“Iketishe pale,” akasema. “Moto kidogo.”

Basi bodi ikaketi kwenye kiti, juu ya taulo, kofia ya draya imeifunika. Mteja aliichungulia.

“Na huyu anaseti nini?”

“Anaenda harusini,” nikamwambia.

“Eish, na nywele zenyewe hana! Mpakeni hata mafuta.”

Tulicheka mpaka bibi harusi akaketi sakafuni. Alipoinuka, kabla sijamzuia, alichukua kopo la dawa ya kung'arisha nywele akaipulizia bodi fyuu moja, “ipendeze na yeye.” Nikapiga kelele. Nikarudia spiriti, maji ya betri na draya. Harufu yake ya nazi ilikataa kutoka.

Ijumaa kikalia, vibonye vyote. Bwana harusi alinikumbatia akaninyanyua na bisibisi yangu.

Jumamosi alimpigia mkewe mtarajiwa wimbo mpaka katikati ya kanisa, kisha akakimbia, koti linapepea, akafika akihema. Ndipo likaja swali la mchungaji, na zile ngoma. Nilinyanyuka kwenda kukizima.

“Fundi, acha!” bibi harusi akaniita kutoka mbele, shela limempanda juu, anacheka hadi machozi.

“Nimesikia,” alisema mchungaji, mabega yameshaanza kucheza, “lakini hilo si pingamizi.” Vigelegele vikapigwa, na watu wakacheza kabla ndoa haijafungwa.

Jumatatu nilikifungua tena. Bodi ilikuwa kavu, safi, inanukia nazi. Kibonye cha kuwashia ngoma hakikuwa na doa. Nilikiacha mezani kwangu wiki nzima, kimewashwa. Hakikuanza chenyewe hata mara moja.