Jani la Mgomba Njiani

Tangu Jumatano milima ya juu ilikuwa haionekani. Makwale kwenyewe jua liliwaka, lile jua la masika linalochoma ngozi ikiwa bado imelowa, lakini upande wa Busokelo wingu jeusi lilikuwa limelalia milima kama kuku aliyeatamia mayai. Mgeni angefurahi, angefua nguo. Milka hakuwa mgeni. Jumamosi asubuhi alipofungua mlango alikuta siafu wamejipanga ukutani wanapandisha mayai yao juu, akaiacha chai yake mezani, akashuka mtoni.

Lufilyo ulikuwa bado ndani ya kingo zake, ila maji yalikuwa yamegeuka rangi ya ugoro na yamebeba vijiti na povu. Aliyachota kwa kiganja, akayanusa. Yalinuka udongo wa mlimani. Kabla hajarudi nyumbani simu ikaita. Dada yake aliyeolewa huko juu alisema kwamba mvua kwao haijakatika usiku kucha, na kivuko cha magogo kimekwenda na maji. Milka akamshukuru. Maji yanayopita kwa dada asubuhi hufika Makwale jioni; hilo kila mtoto wa huku analijua. Chochote kilichokuwa ardhini kando ya mto kilikuwa kimebakiwa na mchana mmoja tu.

Akachukua jembe, panga na vikapu. Njiani, pale mikakao inapokwisha na bustani zinapoanza, alikata jani bichi la mgomba, akalilaza kukatiza njia, akaliwekea jiwe.

Jani lile lilikuwa na maana kwa watu wawili tu. Bustani ya Milka ilipakana na ya baba mkwe wake, Mzee Angetile, mstari wa mchaichai ukiwa katikati. Na kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, halitamki jina lake, akimwona mbele njiani anaingia porini mpaka apite. Wenyewe wanaiita ukutila, yaani kuogopa, na maana yake ni heshima. Vijana wengi wameiacha. Mzee Angetile hakuiacha, na Milka, aliyeolewa katika nyumba ile akiwa binti mdogo asiyewahi kukaa darasani hata siku moja, aliishika kama alivyofundishwa. Ndipo wakapata utaratibu wao. Milka akiingia bustanini analaza jani. Mzee akiingia anachomeka fimbo yake palepale. Anayetoka anaondoa alama yake, na mwingine anajua njia ni nyeupe.

Miaka yote hiyo walilima ubavu kwa ubavu na hawakuonana. Milka aliijua mikono ya mkwe wake kuliko sura yake. Alijua kwamba hupanda magimbi kwa mistari iliyonyooka kama viti vya kanisani, na kwamba akizibua mfereji wa maji, huzibua na upande wa mkaza mwana wake bila kuambiwa.

Lakini yote hayo yalikuwa kabla ya kikao.

Mumewe, Erasto, alikuwa akivuka mpaka kwenda Karonga na biashara ya mchele, mpaka siku moja akavuka na asirudi. Huko alikuwa ameshaoa. Alipokuja tena alikuja kwa jambo moja, kuuza shamba la kakao, ile kakao aliyoipanda Milka, akaipogoa na kuianika mwenyewe huku mimba zikimwelemea. Ukoo ukakaa kwa Mzee Angetile. Wanaume walikaa ukumbini. Milka hakuweza kukaa mbele ya mkwe, akawekewa kigoda nyuma ya nyumba, karibu na banda la mbuzi, akawa anasikiliza kesi yake kupitia ukutani. Alisubiri aulizwe. Hakuulizwa. Mwishoni akasikia sauti ya mzee: "Kakao ni ya mwanangu. Mwanamke ana bustani." Kikao kikafungwa kwa sala.

Mwanamke ana bustani. Milka alilala na maneno hayo na kuamka nayo. Akipalilia, aliyasikia. Akiuza fungu la mchicha, aliyasikia.

Sasa siku hiyo bustani yenyewe ndiyo ilikuwa inaondoka. Alianza na maharage, akang'oa mashina mazima na kuyafunga mizigo. Akachuma nyanya chungu, kubwa na changa pamoja. Akakata maboga, yaliyoiva na yasiyoiva, kisha akayavua mashina majani yake yote. Viazi vitamu akavifukua, na baada ya viazi, magimbi. Kila kikapu kilichojaa alikipeleka nyumbani kichwani, akakimwaga sakafuni, akarudi. Watoto wake walikuwa shule za bweni. Wifi yake Hellen, binti wa mzee aliyeachika na kurudi kumpikia baba yake, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda sokoni Lyulilo, kando ya ziwa, kununua chungu na usipa, dagaa wa huko. Nyumba ya mzee haikuwa na mtu mwingine, wala haikuwa na simu.

Kila alipopita na kikapu alilivuka jani. Na kila alipoinama kufukua aliyaona, ng'ambo ya mchaichai, magimbi ya mzee yamesimama na masikio yake mapana, maboga yake yamelala, maharage yake yamekauka vizuri kuliko ya kwake. Saa nane mchana alikuwa amemaliza mazao makubwa. Angeweza kuondoka na kumwachia mzee mchana uliobaki. Akabaki. Akafukua vitunguu ambavyo hata havijafunga. Akachuma bamia zilizokwisha komaa, ngumu kama kuni, ambazo hakuna mtu angezila. Mara moja alisikia kikohozi upande wa njia, kikohozi cha mtu mzima anayetaka ijulikane kwamba yupo. Hakuinua kichwa. Kikohozi kikarudi kilikotoka.

Alipobeba kikapu cha mwisho, jua lilikuwa limeshamezwa na wingu na mto ulikuwa unanguruma. Akafika kwenye jani. Lilikuwa limenyauka, limejikunja kingo, lakini jiwe lilikuwa bado juu yake. Desturi ilitaka aweke kikapu chini, aondoe jiwe, alitupe jani pembeni. Kazi ya kuinama mara moja.

Aliyesema nina bustani, akawaza, na ajue bustani ni kitu gani.

Akalivuka jani, akaenda nyumbani.

Mto uliingia kabla ya giza kutimia. Haukuja kwa kishindo; ulikuja kama mgeni aliyekaribishwa, ukapita kwenye mchaichai, ukaijaza mistari yote, kisha ukaanza kuvuta. Milka alisimama mlangoni mwake juu ya kilima, akatazama mpaka asione tena. Alitegemea moyo wake utatulia. Ulitulia kidogo, kama njaa inavyotulia ukinywa maji.

Hellen alirudi kesho yake mchana, chungu kichwani na matope magotini, maana maji yalifunga njia akalala Matema. Alipotua mzigo kwa baba yake akaja kwa Milka, akamkuta amekaa katikati ya mazao yake anachambua maharage. Wakasalimiana. Hellen akatazama lundo lile, akacheka kwamba mwenzetu umefungua ghala la serikali. Kisha akaketi, na kicheko kikaisha.

Akaeleza kwamba baba yao hakuokoa hata jani. Jana aliwaona siafu, aliyasikia maji, akakaa kizingitini tangu asubuhi na kikapu na jembe. Kila mara alikwenda hadi kwenye jani, akalikuta, akarudi kukaa. Mara ya mwisho alikwenda mvua ikiwa imeanza kudondoka. Jani lilikuwepo.

"Nikamwambia, baba, si ungepita tu? Siku hizi mkwe na mkaza mwana wanapanda bodaboda moja, wamebanana kama dagaa," Hellen akasema. "Akanijibu nisimtukane mke wa mwanawe."

Milka aliendelea kuchambua. Mikono yake ilikuwa inatupa maharage mazuri kwenye taka.

"Ameniuliza kama wewe uliwahi kuvuna. Nikasema nimepita mlangoni kwake nikaona vikapu. Akasema, afadhali."

"Amesema nini?"

"Afadhali. Basi. Akaingia kulala."

Jioni Milka alijaza kikapu magimbi, akaweka maboga mawili juu yake, akampa Hellen ampelekee. Hellen akarudisha kikapu kitupu na neno moja kutoka kwa mzee: ndaga. Asante. Siku iliyofuata Milka akapeleka maharage, ndaga ikarudi. Akapeleka viazi, ndaga ikarudi tena, safari hii na salamu kwamba Mungu amwongezee. Kila alichopeleka kilirudi kimegeuka shukrani, na shukrani zile zilimwasha kama gimbi bichi. Alipika, akashindwa kula. Alijitetea akilini: si alininyang'anya kakao? Si nilikaa nyuma ya nyumba kama mbuzi? Yote yalikuwa kweli. Lakini kila alipofika mwisho wa utetezi wake alimkuta mzee amekaa kizingitini na kikapu, anasubiri njia iwe nyeupe, kwa sababu ya heshima yake yeye Milka.

Alijaribu kumweleza Hellen. Alisema lile jani, wifi, siku ile. Hellen akamkatiza, akasema jani usijilaumu, mtu mwenye mizigo atakumbuka jani? Msamaha wa kosa ambalo hakulifanya ulimuuma kuliko tusi.

Siku hiyohiyo, Hellen alipokwenda dukani kununua chumvi, Milka alijifunga kanga vizuri akaenda kwa mkwe wake. Hakupita mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba mpaka banda la mbuzi, pale walipomwekea kigoda siku ya kikao. Ndani alisikia mzee anasogeza kiti. Mbuzi mmoja mweupe alikuwa amefungwa pale, anatafuna maganda. Milka akaupa ukuta mgongo, akamwelekea mbuzi, kama wanawake wa zamani walivyofanya walipokuwa na la kumwambia mkwe na hakuna wa kulipeleka.

"Wewe mbuzi," akasema. Sauti yake ilitoka ndogo, akaanza upya. "Wewe mbuzi, mwambie mwenye nyumba kwamba jani sikulisahau. Nililiona. Nilikuwa nimemaliza, na nililiona, na nikaliacha makusudi."

Mbuzi akatafuna.

"Na kikohozi nilikisikia," akaongeza, maana alikuwa ameamua asibakize kitu.

Akadhani mzee ametoka kwa mlango wa mbele. Kisha sauti ikaja, karibu sana, upande wa pili wa tofali. Hakuwahi kuisikia ikisema naye.

"Mbuzi, mwambie nimesikia."

Akasubiri. Mzee alikohoa, kile kikohozi kilekile.

"Mwambie siku ya kikao nilijua amekaa hapo alipo. Nilijua ana neno. Nilisema haraka ili asipate nafasi ya kulisema." Kiti kikalia. "Sasa aende. Hellen akimkuta hapo atatucheka mpaka Pasaka ijayo."

Milka alikwenda. Alikuwa amengoja wepesi, na wepesi haukuja; alichopata ni kujua kwamba mzigo wake na wa mzee haikufutana, kila mmoja ulikuwa na mwenyewe. Kakao ilikuwa imeuzwa. Magimbi yalikuwa yamekwenda ziwani.

Maji yalipopungua alishuka na jembe. Bustani zote mbili zilikuwa tope moja, mchaichai umelala, na mtu asingejua mpaka ulipita wapi. Yeye alijua. Pale njiani alisimama, akautazama mgomba, panga likiwa mkononi. Hakukata jani. Aliiacha njia wazi, akapita moja kwa moja hadi upande wa mzee, akaanza kuzibua mfereji, akitupa tope na matawi nje. Tope lilikuwa zito, linang'ang'ania jembe kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa.

Jua lilikuwa limepanda alipoisikia fimbo. Ilikuja ikigonga mawe, ikafika mahali pa jani, ikasimama. Milka akageuka, akaipa njia mgongo, akaendelea kulima. Fimbo ikakaa palepale muda mrefu. Kisha ikapita.

Walilima hivyo, migongo imeelekeana, yeye kwenye mfereji na mzee kwenye mistari. Wakati fulani jembe la mzee liligonga kitu, likanyamaza. Kitu kikaja kikibingirika juu ya tope mpaka karibu na miguu ya Milka: gimbi moja, mto ulikuwa umelisahau. Milka alilitazama. Akaliokota, akalifuta tope kwa kanga, akatembea kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka mguu wake ulipogusa kikapu cha mkwe wake. Akalitia humo, akarudi kwenye mfereji.