Kigae cha Nyuma ya Jiko

Juzi nilimtembelea mjukuu wangu, nikamkuta mbwa wake mkubwa wa kizungu amelala kando ya bakuli lililoandikwa jina lake. Bakuli lilikuwa kavu. Nikainuka kulitia maji, na hapo nikamkumbuka bibi yangu wa Pongwe.

Nyuma ya jiko lake palikuwa na kigae cha mtungi uliovunjika. Kila alasiri alikisukuma kwa fimbo hadi penye mikonge, akakitia maji, kisha akaweka ukoko wa wali kando yake.

“Usikiguse,” aliniambia. “Hicho si chombo cha watu.”

Kama si cha watu, niliwaza, basi ni cha majini.

Alasiri moja nilijibanza nyuma ya kuni, moshi ukiniwasha macho, nikasikia ulimi ukilamba maji. Nikachungulia. Kumbe alikuwa mbwa koko, mbavu zimemtoka, chuchu zinaning'inia. Nilipogeuka nikimbie, bibi alikuwa nyuma yangu.

“Tulia, mwanangu, umwache anywe,” alinong'ona. “Ananyonyesha.”

Bibi alichunga sana twahara yake, na kwake mbwa alikuwa najisi. Hakumgusa mbwa yule hata siku moja, wala hakumwacha na kiu.