Isale Kwenye Lango la Jenerali

Mimi ni mwanamke wa maabara. Kazi yangu ni kutazama damu za watu kwenye hadubini na kuandika kilichopo, si ninachotamani kiwepo. Kwa hiyo nilipopanga chumba cha nyuma kwa Mama Nickson, juu ya duka la Jitendra hapa Kingsbury, London, nikamkuta Jumapili mchana anamsimulia mumewe tamthilia ya Kichina kwa Kiswahili huku nusu ya maneno akiyatoa kichwani mwake, nilijua tutagombana. Hatukugombana. Nimeishia kumstaajabia mpaka najionea aibu.

Jina lake hasa ni Eufrasia. Alizaliwa Kilema, Uchagani, akafika London mwaka 1999 na mtoto wa miaka tisa mkononi, akaogesha na kulisha wazee wa watu kwenye nyumba ya kutunzia wazee mpaka magoti yake yakagoma. Mumewe, Mzee Francis, aliendesha mabasi ya mji huu mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya nuru, jicho moja baada ya jingine. Dada yake Mzee aliyeko Moshi alikuwa hana hadithi nyingine kwenye simu ila tamthilia za Kichina za wafalme na majenerali, ambazo huko nyumbani zinarushwa zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Mzee akazitamani. Hapa lakini zinakuja na Kichina chake na maandishi ya Kiingereza chini ya kioo cha TV, na Mzee haoni maandishi. Basi mkewe akaichukua kazi ile ya wale jamaa wanaotafsiri sinema kwenye mabanda ya video.

Alikuwa haifanyi kazi hiyo kienyeji. Jumamosi alitazama peke yake, na daftari, akichora ukoo mzima: nani kazaliwa na mke mkubwa, nani na mke mdogo, nani ni mtoto wa kulea. Maandishi ya Kiingereza humwita kila mwanaume mzima anko. Mama Nickson hakukubali upuuzi huo. "Huyu anko ni wa upande gani?" alikuwa akikiuliza kioo. "Akiwa mjomba atamtetea mtoto. Akiwa baba mdogo anautaka urithi." Alirudisha picha nyuma mara tatu, nne, mpaka ajue nani amemwinamia nani kwanza. Na akishajua, alikuwa na uwezo wa kukuambia mambo ya sehemu kumi zijazo, na yakawa.

Jumapili yangu ya kwanza pale, bibi mkubwa, yaani mke wa kwanza wa jenerali, alikuwa anakunywa chai na wake wenzake. Hakuna aliyesema neno.

"Sikia hicho kikombe," Mama Nickson alimwambia mumewe. "Umesikia alivyokiweka? Taratibu, hakikulia. Mwanamke akiwa na hasira anabamiza. Huyu hana hasira. Huyu ameshakata shauri juu ya mtu."

"Nani?"

"Yule mdogo mwenye bangili. Msikilize, bangili zinacheka, hazijui."

Nilikodoa macho kwenye maandishi. Maandishi hayakuwa na kitu, kwa sababu hapakuwa na neno lililosemwa. Sehemu mbili baadaye yule mwenye bangili alitolewa nje ya ua na sanduku moja, na hakurudi tena. Nimesoma miaka mingi, nina vyeti ukutani, na sikukiona kile kikombe.

Tangu siku hiyo nilianza kuzitazama tamthilia zile kwa heshima. Familia ina watu sitini na hakuna anayekuambia huyu mchoyo, huyu mwoga. Mtu anaingia ukumbini, unaona amemwamkia nani kwanza na nani amemruka, basi umemjua mpaka tumboni. Jitendra, aliyezaliwa Mwanza na ambaye kila Jumapili alipanda juu na sahani ya bhajia, alikuwa akimtazama bibi mkubwa na kutikisa kichwa. "Huyu mama yangu kabisa, bana. Funguo kiunoni hivyo hivyo. Sisi ndugu wanane tulikuwa tunamjua alivyoamka kwa mlio wa funguo."

Sasa, nyumba ile ilikuwa na jina lisilotajwa. Mbele ya Mzee tulimwita mkewe Mama tu, bila Nickson.

Mwaka 2017 baba yake Mzee alifariki huko Kilema. Mzee alikuwa ametoka kupasuliwa jicho, akasema daktari amemkataza kupanda ndege. Akamtuma Nickson, mtoto wake wa kwanza, akatupe udongo kaburini kwa niaba yake. Kwetu Uchagani mtu anazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na tawi la ukoo lisilotupa udongo limejikata lenyewe. Nickson akapiga simu kutoka uwanja wa ndege: ndege imefutwa. Wiki mbili baadaye, jamaa mmoja aliyesafiri na ndege hiyo hiyo akamsimulia Mzee jinsi safari ilivyokuwa nzuri. Mzee hakugomba. Alisema tu kwamba mtoto huyo asikanyage tena hapa, na miaka minane hakukanyaga. Mama yake alikuwa akikutana naye kituoni Wembley Park kama watu wanaouziana magendo. Mwanamke huyu alikuwa na ombi moja tu duniani, wanaume wake wawili wakae meza moja kabla mmoja hajafa. Aliniambia hivyo, bila kupaka rangi, akimenya ndizi.

Nilichelewa kung'amua kwa nini alichagua tamthilia ile kati ya mamia. Jenerali alikuwa na mtoto wa kwanza, kapteni wa mpakani, ambaye hakuja kumlilia babu yake alipokufa. Katika sehemu ya thelathini na nane kijana huyo anarudi, anapiga magoti kwenye theluji nje ya lango la baba yake, na lango limefungwa.

"Amepiga magoti," Mama Nickson alisimulia. "Theluji imemfika mapajani. Nyusi zimekuwa nyeupe. Na mkononi," alisema bila kupepesa macho, "ameshika isale."

Nilirudisha bhajia kwenye sahani. Isale ni jani refu la mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Mchaga akikukosea, akafunga jani hilo fundo na kukuletea, huna ruhusa ya kumkataa, hata kama amekuulia ndugu. Yule kijana wa Kichina alikuwa na mikono mitupu, myekundu kwa baridi.

"Isale ndiyo kitu gani, bana?" Jitendra aliuliza. Mama Nickson alimtupia jicho, na Jitendra akarudi kwenye sahani yake.

Mzee alikuwa ameinua kidevu. "Wachina nao wana isale?"

"Watu wametembeleana tangu zamani, Mzee."

"Jani limefungwa fundo?"

"Limefungwa."

"Basi huyo baba hana pa kukimbilia," Mzee alisema. "Isale haikataliwi."

Nilimfuata Mama Nickson jikoni nikafunga mlango. "Mama Nickson, yule kijana hana jani lolote. Na nimesoma mtandaoni, baba hafungui. Kijana anakufa palepale kwa baridi."

"Najua. Nimeshatazama mpaka mwisho."

"Sasa?"

"Sasa Jumapili ijayo jenerali anafungua. Nickson nimemwambia aombe off, asimame chini mlangoni. Mzee akishahukumu kwa mdomo wake mwenyewe, atarudije nyuma?"

"Huo ni uongo."

"Aikaeli mwanangu, nyie Wachaga wa Machame mnapenda ukweli kama shamba. Ukweli umekaa kwenye nyumba hii miaka minane. Umepika nini?"

Nikaahidi kufunga mdomo.

Jumapili ilipofika mvua ilikuwa inanyesha tangu misa. Jitendra hakupanda. Alibaki chini dukani kumpokea Nickson. Sisi watatu tukakaa, na Mama Nickson akaanza.

Sijawahi kusikia kitu kama kile, wala sitegemei kukisikia tena. Alimwamsha jenerali kitandani. Alimvalisha joho, akamtembeza ukumbini hatua kwa hatua, akampitisha mbele ya vibao vya wahenga vyenye majina ya waliotangulia, akamsimamisha kwa kila kimoja, na kwa kila kimoja jenerali alisikia baba yake akimwuliza swali. Watumishi walikuwa wanalia kwa kujificha. Bibi mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya pazia, ameuma kidole. Mimi nilikuwa naliona lango la kwenye kioo, limefungwa, theluji inamfunika kijana mabega, na bado nilikuwa nalisadiki lango la Mama Nickson. Niliona mkono wa jenerali ukishika komeo, nikawa naomba Mungu mkono huo usitetemeke.

"Amefungua!" alisema. "Amefungua, Mzee. Ameipokea isale. Anamwinua."

Mvua iliendelea kugonga dirisha. Mzee Francis alikuwa ameshika mikono ya kiti.

"Aikaeli," alisema.

"Naam, Mzee."

"Wewe unasoma. Lango limefunguliwa?"

Nilimtazama Mama Nickson. Alikuwa ananiomba kwa macho, mama wa miaka sitini na nane, na viganja amevifumbata kama mtoto. Nilitaka kumdanganya mzee yule, nakiri. Nilishafungua mdomo niseme ndiyo. Lakini nilimwona usoni, mtu aliyedanganywa mara moja kwa simu kutoka uwanja wa ndege, sasa anaomba asidanganywe mara ya pili sebuleni kwake.

"Hapana, Mzee. Halikufunguliwa."

Mama Nickson alijifunika uso kwa kitenge.

"Nilijua," Mzee alisema. "Lango zito namna ile lingelia bawaba. Eufrasia amenifundisha kusikiliza, na sikusikia kitu ila upepo." Akanigeuzia uso. "Kijana?"

"Amekufa."

"Na baba yake?"

"Hajui bado. Atamkuta asubuhi. Sehemu zote zilizobaki anakaa mbele ya vile vibao. Hali chakula, halali."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama dereva anayeambiwa njia imefungwa mbele. Halafu akasema, "Eufrasia, mtoto wangu yuko wapi?"

"Nani kakuambia..."

"Usinichoshe. Umenitembezea isale China nzima. Yuko wapi?"

"Chini," mkewe alisema ndani ya kitenge. "Mlangoni kwa Jitendra."

Mzee alisimama. Nilimkimbilia nimshike, akanisukuma mkono. Ngazi za nyumba ile ni nyembamba na zina kona, na kila siku huteremka akiwa ameshikwa. Siku ile aliteremka peke yake, bega likisugua ukuta, na sisi wanawake wawili tukimfuata nyuma, mikono tayari kumdaka.

Nickson alikuwa amesimama chini ya turubai la duka, mtu mzima wa miaka thelathini na tano, amelowa, ameshika jani alilokata kwenye mmea wa chungu cha maua. Fundo alikuwa amelifunga vibaya. Jitendra aliyekuwa pembeni yake aliingia dukani akawa anapanga mabamia ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

"Baba," Nickson alisema. Kijana huyu, mama yake akimsemesha Kiswahili, hujibu Kiingereza. "Baba, ndege haikufutwa."

"Najua."

"Niliogopa. Wanaita watu wapande, and I just sat there. Sijawahi kuona mtu amekufa. Uncle alisema nitashika jeneza mbele, mahali pako. I couldn't be you, Dad. Nikaogopa."

Akanyoosha jani. Mzee alilipapasa, akafika kwenye fundo, akaliacha mkononi mwa mtoto, akamshika kifundo cha mkono badala yake.

"Daktari hakunikataza," alisema.

Nickson hakuelewa. Hata mimi sikuelewa.

"Aliniambia nikitaka kusafiri nisafiri. Mimi ndiye niliyesema amenikataza. Niliogopa kushushwa kwenye gari pale nyumbani kipofu, nikokotwe mpaka kaburini mbele ya watu walioniaga nina macho mawili. Nikakutuma wewe. Kisha nikakununia miaka minane kwa kuogopa kitu nilichokiogopa mimi kwanza."

Nyuma yangu Mama Nickson alikaa kwenye ngazi kwa kishindo. Hakuwa analijua hilo. Mwanamke anayeweza kusikiliza kikombe akakuambia nani atafukuzwa, alikuwa amelala ubavuni mwa neno lile miaka minane na hakulisikia. Niliona aibu kumtazama, nikatazama barabara. Basi lilipita, likarusha maji mpaka kwenye masanduku ya nyanya.

Nickson alikuwa analia wazi, bila kujifuta. Mzee alimvuta mpaka paji la uso la mtoto likamgusa begani.

"Desemba tunakwenda," alisema. "Wote wawili. Wewe utanishika mkono, watu watazame mpaka wachoke. Utanipeleka mpaka kaburini."

"Silijui lilipo, Baba."

"Hata mimi silijui," Mzee alisema. "Tutauliza."