Matundu Chini ya Sanduku

Heri niusimulie mkasa huu mwenyewe, maana watu wa Mwamanyili wakiusimulia husema nililia mbele ya mkutano (sikulia, niliinama tu kuangalia viatu vyangu, na viatu ndivyo vilivyoniponza).

Mimi nilitoka kijijini na shati moja, nikabeba zege Mwanza, nikajisomesha jioni kwa jioni hadi nikapata stashahada ya ujenzi, bila mjomba serikalini wala padri wa kuniombea nafasi. Niliporudi, soko la pamba lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanapishana na malori yao, na kila mtu anatafuta pa kulima zaidi. Kwetu palikuwa pamebaki kilimani tu, kwenye ngitili, yaani majani yanayotunzwa ili ng'ombe wayale kiangazi, nayo ilikuwa ya Mayu Kabula (mayu kwetu ni mama), jirani yetu mjane mwenye ng'ombe saba. Nyumba yake na zizi vilikuwa chini ya mteremko huo huo, na hakuwa na kingine.

"Mayu," nikamwambia, "fyeka, lima pamba. Matuta yakinge mteremko, maji yasikimbie."

"Na mvua ikizidi? Ule udongo ni shuka tu juu ya mwamba, mwanangu. Majani ndiyo yameushona."

Mwenye akili angesikiliza. Mimi nilikuwa na stashahada. Nikapima mteremko, nikapiga hesabu ya nguvu inayoushika udongo na ile inayouvuta chini, hesabu ikasema udongo utasimama (nilikuwa nimeupigia hesabu ukiwa mkavu, lakini nani angenikagua?).

Ngitili haifyekwi bila dagashida, mkutano wetu wa jadi, kukubali, kwa hiyo nikatengeneza kilima changu kidogo: sanduku la mbao, ndani udongo wa palepale, nikaliinamisha kama mlima ulivyoinama, na kopo lenye matundu liwe ndiyo mvua. Asubuhi ya mkutano nikalijaribu nyumbani, maji yakajaa, yakafurika, yakamwagikia viatu vyangu vyeusi vya Mwanza, nikaacha kumwaga kabla kopo la pili halijaisha. Nikachukua msumari nikatoboa chini ya sanduku, maji yashukie kwenye karai, nikavifuta viatu, nikaenda.

Mbele ya wazee nikamwaga kopo la kwanza, la pili, la tatu, nikamaliza debe, udongo haukusogea hata kidogo.

"Mlima nao umesoma," mtu mmoja akasema, watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote.

Mayu Kabula hakucheka. Alisema tu, "Basi, kama msomi ndivyo alivyoona."

Pamba ikaota vizuri mno, nikawa napita njia ya pale hata nisipokuwa na safari. Kisha mvua ikanyesha siku nne mfululizo, na matuta yangu yakayashika maji kama nilivyoyafundisha, maji yakakosa njia isipokuwa kuzama, na huko chini yakakutana na mwamba. Mayu Kabula akaniita nione ufa juu ya shamba, mkono unaingia mpaka kiwiko.

"Udongo unatanuka tu, mayu," nikasema, nikiwa chini ya mwavuli. "Nyumba haina neno."

Kesho yake mchana alikuja kwetu kuomba moto, kuni zake zimelowa, ndipo tukasikia mlio kama lori linalomwaga kokoto. Haukuanguka mlima, ilishuka ile shuka tu, kina chake hakikufika kiunoni, pamba ikiwa bado imesimama juu yake, ikajirundika chini, ikafunika nyumba na zizi. Ng'ombe hawakuwa wametolewa kwa sababu ya mvua. Tulichimba hadi magharibi, tukawapata wawili wazima.

Dagashida ikakaa tena. Mayu Kabula akaomba kitu kimoja, nije na sanduku. Akaligeuza.

"Matundu haya ni ya nini?"

Ningeweza kumtupia maneno ya kitabu, nilikuwa nayo mengi. Nikasema, "Viatu vyangu visilowe."

Laiti wangecheka. Akafinyanga udongo wa mfinyanzi, akaziba matundu moja baada ya jingine, akanipa kopo.

"Mwaga wewe."

Kopo la tatu halikuisha. Udongo uliteleza wote kwa pamoja, ukamwagika juu ya viatu vyangu, nami nikabaki nimeshika kopo kama mjinga.

"Ndivyo nilivyokuambia," akasema, wala hakupandisha sauti.

Nilitozwa ng'ombe, nikamtoa, lakini ng'ombe mmoja haoteshi majani. Mwamba uko wazi mpaka leo, unauona ukiwa barabarani. Yeye alihamia kwa kaka yake, kule Mwandoya.

Mimi siku hizi nafanya kazi Bariadi, na nimeapa sitatamka kwamba mteremko ni salama kabla sijachimba mpaka mwamba, nikajua maji yakiingia yatatokea wapi. Wateja husema nachelewesha. Nawaacha waseme.

Mwaka jana nilikutana naye mnadani. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu. Akaitikia, maana kwetu salamu hainyimwi mtu. Kisha akainamisha macho, akaangalia viatu vyangu, akapita.